Usingoje Boksi la Ulaya: Nilivyoiunda Caudron kwa Chelewa na Shashi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete ameniandikia: "Ami, assalaam alaykum. Nimeiona picha ya ndege yako. Na mimi nataka kuunda mfano mdogo wa ndege ya vita, lakini boksi la vipande vya kuunganisha linauzwa nje, na kulisafirisha ni ghali kuliko boksi lenyewe. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa ufupi, kisha nikaona swali hili ni la wengi.

Usilingoje boksi. Caudron G.3 niliyoimaliza, mfano wa ndege ya Kifaransa ya Vita Kuu ya Kwanza, inayoning'inia sasa sebuleni kwetu na kila mgeni akaiulizia kabla hajakaa, haina hata kipande kimoja kilichotoka kwenye boksi. Mbavu za mabawa ni chelewa. Kilichoifunika ni karatasi ya shashi, ile ile ya kutengenezea tiara. Nyaya zake ni mshipi mwembamba wa kuvulia. Nasema haya kwa kujivunia, na sina sababu ya kuficha.

Lakini kabla ya kukata chochote, isome ndege yako. Watu wanaoingia katika kazi hii hukimbilia Spitfire, ile ndege ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, kwa sababu ndiyo wanayoiona kila mahali. Mimi nilitaka ndege iliyoruka juu ya maji yetu. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza bandarini hapa Unguja ikitengenezwa injini, ikaipiga mizinga na kuizamisha. Mabaharia waliokufa baadhi yao wamezikwa Chapwani, kisiwa tunachokiona kila siku tukiwa Forodhani. Königsberg ikaenda kujificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, mahali manowari kubwa haziwezi kuifuata. Hapo ndipo ndege zikahitajika.

Na ndege za mwanzo zilishindwa na hali ya hewa yetu. Rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliletwa kutoka Durban na ndege yake ya majini aina ya Curtiss. Aliiona Königsberg, lakini ndege haikuhimili. Zikaja Sopwith mbili, zikaanza kuachana viungo kwa joto na unyevu. Zikaja Short tatu, zikapata kupiga picha, lakini gundi nayo ikawa inayeyuka. Mwishowe Waingereza wakatengeneza kiwanja cha ndege Mafia, wakaleta Caudron na Henri Farman zinazoruka kutoka nchi kavu. Julai 1915 ndege hizo zikawa zinazunguka juu ya delta na kuwaelekeza kwa simu ya upepo wapiga mizinga wa Severn na Mersey, meli za maji machache zilizoundwa awali kwa ajili ya Brazil. Tarehe 11 ndege ya rubani Cull na mwangalizi wake Arnold ilipigwa, injini ikaharibika, na Arnold akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha huku wanashuka kuelekea mtoni. Siku hiyo Königsberg ikaangamia.

Ukishayajua haya, mikono yako haifanyi kazi ovyo. Ndiyo maana narudia: isome ndege.

Caudron yenyewe ni ndege ya ajabu kidogo kwa umbo. Kibanda cha rubani ni kifupi, injini ya nguvu za farasi 80 iko mbele, na nyuma hakuna mwili. Mkia umeshikwa na fito tupu, na fito za chini zinapita mbele na kuwa mateleza ya kutulia chini. Bawa la juu lina mita 13.40, la chini ni fupi kuliko hilo. Nilipunguza mara 24, nikapata karibu sentimita 56 za bawa. Ukipunguza zaidi ya hapo chelewa itakuwa nene mno, ndege itaonekana kama kapu.

Sasa sikilizeni jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Mabawa ya Caudron halisi yalikuwa laini upande wa nyuma, kwa sababu rubani aliigeuza ndege kwa kuyapinda. Chelewa imeumbwa hivyo hivyo: shina lake gumu, ncha inanyumbuka. Weka shina mbele, ncha nyuma. Nilipolipinda bawa kwa vidole viwili na likarudi lenyewe, nilijua hakuna plastiki itakayonipa kitu kile. Chagua chelewa zilizokauka kivulini, zipitishe kwenye msasa zote zilingane, ndipo uzifunge kwenye boriti mbili za bawa. Usifunike shashi wakati wa masika. Karatasi inalegea na bawa linajikunja. Subiri kipupwe. Ukishabandika, puliza maji kidogo ya ukungu, iache ikauke, itajivuta yenyewe, kisha pitisha vanishi nyepesi. Nyaya vuta mbili mbili, kulia na kushoto kwa pamoja, la sivyo bawa litakwenda upande. Rangi usiihangaikie, kitambaa cha ndege zile kilikuwa cheupe-maziwa na kinapitisha mwanga.

Nilipoipeleka kwenye maonyesho fulani ya kazi za mikono mjini, msimamizi hakuigusa hata kwa kidole. Aliniambia meza ya michezo ya watoto iko nyuma. Mimi, mtu mzima, mbele ya wanangu. Limenichoma neno lile na bado linanichoma. Meza za mbele zilijaa bidhaa za watalii zilizonunuliwa kwa jumla, na ndege iliyobeba habari ya bandari yetu wenyewe ikakaa pembeni ya midoli.

Kwa hiyo nawaambia vijana wa Unguja na Pemba: msiombe ruhusa ya kuheshimiwa. Babu zetu walijenga majahazi bila karatasi ya ramani, kwa jicho na kamba, na hakuna aliyewaambia wanacheza. Mtoto anayejua kwa nini ubavu wa bawa unapinda ameshaanza uhandisi, hata kama mwalimu wake hajui. Wazazi, mnunulieni msasa na gundi, mwacheni achafue baraza. Na wewe unayeunda, soma, pima, ndipo ukate. Usikate kwanza.

Masika yakipita naanza Short, moja ya zile za majini zilizokunja mabawa nyuma ili zienee melini. Bawaba za mabawa ndizo zinazonishughulisha sasa. Nimejaribu waya wa shaba, unalegea. Mwenye fundi wa saa anayemwamini, mjini au Chake, anielekeze.