Binti wa miaka 10 na mashujaa wa kike wa katuni

Dada yangu, umeuliza iwapo ni sawa binti yako wa miaka 10 awapende mno mashujaa wa kike wa vitabu vya katuni, ilhali wengi wao huchorwa wakiwa nusu uchi. Wasiwasi wako una msingi. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulimteua Wonder Woman, mmoja wa mashujaa hao wa katuni, kuwa balozi wa heshima wa kuwawezesha wanawake na wasichana, na wafanyakazi wa umoja huo wenyewe wakapinga, wakisema umbo na mavazi yake havifai. Haikupita hata miezi 2, wadhifa huo ukakoma.

Hata hivyo, nisingekushauri umnyang'anye vitabu hivyo. Mtafutie vitabu vya Kamala Khan, shujaa wa katuni ambaye ni msichana Mwislamu wa Jersey City, Marekani, mwenye asili ya Pakistan, aliyepata mfululizo wake mwenyewe mwaka 2014. Anapojaliwa uwezo wa kubadili umbo, kwanza anajigeuza mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu, kama shujaa anayemhusudu, kisha anagundua kwamba viatu vinambana na vazi linamkera. Na anapomwokoa majini msichana aliyekuwa akimdharau, anakumbuka aya ya Kurani kuhusu kuokoa nafsi moja, ambayo baba yake huirudia.

Someni pamoja kurasa hizo, umwulize yeye angefanya nini, wala usikimbilie kumhubiria. Na pale mchoro unapokukera, mweleze waziwazi sababu yake, kwa kuwa binti wa umri huo anaweza kabisa kuupenda ushujaa wa mtu huku akikosoa namna alivyochorwa.