Vichembe vya nano na uvimbe wa ubongo

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu ana uvimbe kwenye ubongo, kapangiwa MRI ya dawa (kile kipimo cha picha kwa sumaku, unachomwa dawa picha ionekane vizuri), sasa jirani hapa Kirumba anasema tusubiri vichembe vya nano vyenye antibodi ndo vinaonyesha vizuri. Tusubiri kweli? Mama Neema, Mwanza

JIBU: Marahaba, pole sana mama. Msisubiri, mpelekeni tarehe ileile aliyopangiwa! Jirani hajadanganya ila hivyo vichembe vyenye antibodi bado viko kwenye utafiti, vingi vimejaribiwa kwa panya. Vinatengenezwa mara nyingi kwa oksaidi ya chuma, vidogo mno, halafu vinapakwa antibodi, yaani protini ya kinga inayotambua protini nyingine fulani, mfano EGFRvIII ambayo baadhi ya uvimbe wa glioblastoma (saratani kali ya ubongo) unayo na seli zenye afya hazina, kwahiyo vikinasa pale MRI inaonyesha weusi. Dawa ya kawaida ya MRI, gadolini, yenyewe haichagui seli, inavujia tu pale ukuta unaolinda ubongo ulipoharibika, lakini inawasaidia madaktari sana tu. Kinachowasumbua watafiti ni kuvivusha huo ukuta, na vingi vinaishia kwenye ini na wengu. Mkifika mwambieni daktari kama mgonjwa ana shida ya figo au chuma chochote mwilini.