Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Tanga, Miadi ya Leicester

SWALI: Mhariri, salaam. Tumehamia Leicester kutoka Tanga pamoja na mtoto wetu wa miaka miwili na nusu, ambaye alipata chanjo zake zote kliniki na kadi ninayo. Kwenye kituo cha GP (daktari wa familia) karani wa mapokezi ametaka mkataba wa nyumba wenye jina langu, nami ninaishi kwa shemeji. Nimetafuta mtandaoni mahali pa kuweka miadi ya chanjo ya mtoto, sijapaona. Tena naambiwa surua atachomwa upya. Je, ile ya Tanga haikufaa?
Mama Salma, Leicester

JIBU: Mama Salma, karibu. Ukurasa wa taifa wa kuweka miadi ambao watu wengi huujua hutumika zaidi kwa chanjo za mafua na korona, ilhali chanjo za kawaida za watoto wadogo hupangwa na kituo cha GP alikosajiliwa mtoto. Kwa hiyo anza na usajili: jaza fomu mtandaoni kupitia tovuti ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, au omba fomu ya karatasi kituoni.

Kuhusu mkataba wa nyumba, karani amekosea. Nchini England kujisajili kwa GP hakuhitaji uthibitisho wa anwani, kitambulisho wala hati ya uhamiaji. Vituo huviomba kwa sababu vinarahisisha kazi yao, lakini kukosa vitu hivyo si sababu ya kukukatalia. Mwambie hivyo kwa upole, na akishikilia msimamo wake, omba sababu kwa maandishi, ambayo kituo kinatakiwa kukupa ndani ya siku 14. Mara nyingi ombi hilo peke yake hubadilisha jibu.

Ukishasajiliwa, usikae ukisubiri barua, kwa sababu mfumo wao haujui lolote kuhusu kliniki ya Tanga. Piga simu, useme unataka miadi ya muuguzi wa chanjo kwa mtoto aliyetoka nje ya nchi. Laini huwa na msongamano saa 2 asubuhi wagonjwa wa siku hiyo wanapopiga, basi piga baadaye kidogo. Mkalimani wa Kiswahili ni bure ukimwomba mapema. Nenda na kadi yenyewe, ukiacha nakala nyumbani, kwani chanjo isiyo na kumbukumbu ya kuaminika huhesabiwa kuwa haikutolewa, na mtoto hupangiwa upya.

Sasa surua. Ile ya Tanga ilifaa, na ndiyo iliyomkinga mtoto katika umri ambao surua huua. Tanzania huitoa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, pamoja na rubela. Uingereza haihesabu dozi iliyotolewa kabla ya mtoto kutimiza mwaka, kwa kuwa kinga aliyorithi kwa mama inaweza kuidhoofisha. Isitoshe, chanjo yao ina pia matumbwitumbwi, ambayo haimo katika ya kwetu. Kumrudia hakumdhuru mtoto ambaye tayari ana kinga. Zile za wiki ya 6, 10 na 14 muuguzi atazisoma kwenye kadi, akikuta dondakoo, pepopunda, kifaduro na homa ya ini ndani ya sindano moja, na polio imeandikwa kando. Mwonyeshe mstari huo wa polio, kwa maana Uingereza huiweka ndani ya sindano hiyohiyo, na jicho la haraka huweza kuuruka. Akitimiza miaka 3 na miezi 4 atahitaji nyongeza, nayo iulizie siku hiyohiyo.

SWALI: Je, tutatozwa fedha kwa kuwa bado tuna viza?
Baba Idd, Coventry

JIBU: Hapana, Baba Idd. Huduma ya GP ni bure kwa kila mtu, na chanjo za ratiba ya watoto hazilipiwi. Chanjo za safari ni habari nyingine: baadhi, kama ya homa ya manjano, utazilipia mwenyewe kabla ya kwenda likizo nyumbani.