Maneno ya Kiingereza ya mtu asiyekata tamaa: lililoniponza na yaliyonifaa

Mleta mada, umesema umechoka kuandika "determined" (mwenye nia thabiti) na "hardworking" (mchapakazi) kwenye kila barua ya maombi ya kazi, unataka visawe vyake. Ngoja nikujibu kama mtu aliyewahi kuponzwa na kisawe.

Nilikuwa na stesheneri ndogo jirani na chuo, kazi yangu kuchapa na kutoa kopi. Barua za kazi nimechapa mpaka mteja akikaa tu kwenye benchi najua aya ya kwanza itasemaje. Ilipofika zamu yangu ya kuomba kazi nikajiapiza kwamba mimi siandiki kama wateja wangu. Nikafungua kamusi ya visawe, nikatafuta "determined", nikachagua lililoonekana la kisomi kuliko yote: "obstinate". Siku ya usaili, mama mmoja kwenye jopo akausoma ule mstari kwa sauti, akavua miwani, akaniuliza kwa Kiswahili: "Kijana, bosi wako wa zamani mlikuwa mnagombana?"

"Obstinate" ni mkaidi. Yule yule asiyefaidi mpaka siku ya Idi. Kazi sikupata.

Kamusi ya visawe inakupangia maneno kama ndugu wa ukoo mmoja waliojipanga kupiga picha. Haikuambii yupi mlevi. Bertrand Russell, yule mwanafalsafa wa Uingereza, aliwahi kulichezea jambo hili kwenye redio ya BBC mwaka 1948. Kwa Kiswahili chetu ni hivi: mimi nina msimamo, wewe ni mkaidi, yule ni mpumbavu mwenye kichwa kigumu. Tabia ni moja, kinachobadilika ni nani anamsema nani. Kwa hiyo kabla hujalitumia neno, jiulize watu wengine hulitumia kwa nini na kwa nani.

Chukua "persistent". Daktari hulitumia kwa kikohozi kisichoisha. Pia ndilo neno la yule wakala anayekupigia simu mara nne kwa siku. Ni king'ang'anizi: kuna sifa ndani yake na kuna kero. Mimi sijisemei hivyo, ila mtu mwingine akiandika kwamba ulikuwa "persistent" katika kudai madeni ya kampuni, limekaa vizuri, maana kinachong'ang'aniwa kinaonekana.

"Tenacious" linatokana na Kilatini, kitenzi cha kushika. Fikiria kupe kwenye sikio la ng'ombe. Ni sifa nzuri, na halina harufu ya ukaidi. "Dogged" lina mbwa ndani yake, mbwa wa kuwinda aliyekwisha kunusa nyayo. Linafaa kwa kazi ndefu isiyo na makofi, kama kufuatilia faili lililopotea masijala. Angalizo: hutamkwa kwa silabi mbili, "dog-id". Ukilitamka kwa silabi moja kwenye usaili watakushangaa.

"Resilient" sasa hivi kila mtu analo, na wengi wanalikosea. Asili yake ni kuruka na kurudi, kama mpira wa manati ukiachiwa. Anayesemwa hapo ni mtu aliyepigwa na maisha akasimama tena. Ukiliandika peke yake, msomaji anabaki akijiuliza ulipigwa na nini.

Kwa "perseverance" wanaosoma Biblia wana njia ya mkato. Yakobo 1:3, kujaribiwa kwa imani "huleta saburi". Tafsiri ya King James ya 1611 hapo imeweka "patience". NIV, tafsiri nyingine ya Kiingereza ya siku hizi, imeweka "perseverance". Kwa Kiingereza cha leo "patience" ni hasa ya yule anayesubiri foleni bila kununa, na "perseverance" ni ya anayeendelea kutembea huku kiatu kinambana. NASA, shirika la anga la Marekani, waliliita "Perseverance" gari lao lililotua kwenye sayari ya Mars Februari 2021. Nina hakika "Obstinate" halikufika hata kwenye kikao.

Na hilo "determined" ulilolichoka, mbona halina kosa? Ndani yake kuna neno la Kilatini la mpaka, mwisho wa kitu. Linataka kuambiwa unakwenda wapi. John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania kwenye Olimpiki ya Mexico 1968, alianguka kwenye marathoni akaumia goti, akaingia uwanjani wa mwisho, nafasi ya 57, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde. Huyo alikuwa "determined to finish". Ukiondoa "to finish" umebaki na nauli bila safari. Barua zetu karibu zote zimeishia kwenye nauli.

Ndiyo maana nashauri uache kuhangaika na vivumishi, shika vitenzi. Wenye Kiingereza chao husema "I kept at it", "I stuck with it", "I saw it through", maneno ambayo sisi tunayaona mepesi mno kwa barua rasmi. Kuna binti alileta barua yenye "hardworking, determined and self-motivated". Nikamuuliza hesabu za kidato cha nne alifaulu vipi. Akasema kwa aibu kwamba alirudia mara mbili, huku anauza kwenye genge la mama yake. Tukafuta sifa zote tatu, tukaandika hilo.

Barua yangu ya pili nayo haikuwa na kivumishi hata kimoja cha sifa. Niliandika tu kwamba niliendesha duka la mashine mbili kwa miaka mitatu bila kufunga hata kipindi cha mgao wa umeme. Swali la kwanza kwenye usaili lilikuwa: "Petroli ya jenereta ulikuwa unaitoa wapi, na hesabu ilikuwa inalipa?" Tuliongea jenereta dakika kumi nzima.