Gari la kasi la mtumba kwa ajili ya wikendi: nunua lililoendeshwa

Tangu nianze kuonekana na Porsche siku za Jumapili, simu zimeongezeka. Vijana wetu wa hapa Uingereza, na wengine wa Mombasa na Dar es Salaam, wote swali lao ni moja: nikiwa na pauni elfu thelathini au arobaini, ninunue nini? Nami huwauliza: Jumapili yako ikoje? Unatoka peke yako au na familia? Unaenda wapi, na gari litalala wapi usiku? Wengi hunyamaza hapo, maana walikuwa wameshachagua rangi.

Mimi naishi Birmingham, nina mke na watoto wawili, na barabara ninazozipenda ziko Wales. Ile A4069 kati ya Llangadog na Brynamman, kwa mfano, hupanda mlima kwa kona za kupindana, ukungu hushuka ghafla, na kondoo hulala kando ya lami kana kwamba ni yao. Nyembamba pia. Porsche 911 ya kizazi cha 997, ile ya kawaida, ina upana wa takriban mita 1.81 bila vioo vya pembeni. Audi R8 ya kwanza inafika mita 1.90. Kwenye karatasi hizo ni sentimita chache tu. Ukikutana na trekta katikati ya kona ndipo utajua kazi yake. Kwa hiyo kabla ya kutazama nguvu za injini, tazama barabara utakazopita. Gari lenye farasi 500 kwenye njia ya kijijini utalitumia robo yake, na zile robo tatu zilizobaki utazilipia kwenye mafuta, matairi na bima.

Pili ni kujua kama unataka supakaa au GT. Supakaa, yaani zile zenye injini nyuma ya viti kama Lamborghini Gallardo, Ferrari F430 na R8, hazina kiti cha tatu, na mizigo ni begi moja la mkono pale mbele. Raha yake ni kubwa, sikatai. Lakini ukitaka kwenda na mama watoto mkalale Scotland siku mbili, mtagombania nafasi ya viatu. GT nyingi huweka injini mbele, zina buti ya maana, viti vya kukaa saa tano bila kuumwa mgongo, na mara nyingi viti vidogo vya nyuma vya kuwabana watoto. Humo kuna Jaguar XK, Aston Martin DB9, Maserati GranTurismo na Bentley Continental GT. Kwa uzoefu wangu, wengi wanaoniuliza habari za supakaa shida yao ni GT, na wengi wanaoitaka Bentley wangetulia zaidi na Jaguar XKR, ile XK yenye nguvu zaidi.

Niseme kidogo kuhusu hiyo Bentley, maana ndiyo inayowaponza watu wetu. Ilipotoka mwaka 2003 ilikuwa inauzwa zaidi ya pauni 100,000. Leo zile za mwanzo unazipata hata chini ya pauni 20,000, na mtu akiona bei hiyo anahisi amebahatika. Bei ya gari imeshuka, bei ya spea haijashuka hata senti. Injini yake ya lita 6 ina silinda 12 na turbo mbili, vyote vimeshindiliwa mle ndani hadi kazi nyingi zinamlazimu fundi aishushe injini nzima. Inaelea juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma, na mifuko hiyo huzeeka. Uzito wake ni karibu tani 2.4, kwa hiyo breki na matairi huliwa kama karanga. Anayeweza kuitunza Bentley ya pauni 20,000 ni yule ambaye angeweza kuinunua ilipokuwa mpya. Ukiwa na moyo wa kutaka viti vinne vya kweli, GranTurismo ya 2009 na kuendelea yenye gia otomatiki ya kampuni ya ZF ni jambo la kufikiriwa: watu wazima wanakaa nyuma, na ile injini yake ya V8, yaani silinda nane, ilitengenezwa kiwandani kwa Ferrari kule Maranello, Italia. Ukiisikia kwenye handaki utanielewa.

Sasa giaboksi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kuna kipindi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, ambapo watengenezaji walichukua gia ya manyuali na kuiwekea mitambo ya haidroliki inayobonyeza klachi kwa amri ya kompyuta. Ferrari waliiita F1, Lamborghini e-gear, Aston Sportshift, Audi R tronic. Klachi ni moja tu. Barabara ikiwa wazi inakwenda vizuri, lakini kwenye foleni, au ukirudi nyuma kwenye kilima, inasuguana na kuungua bila wewe kuhisi chochote mguuni. Kwenye Ferrari na Lamborghini za namna hiyo fundi mwenye kompyuta inayofaa anaweza kusoma klachi imebaki asilimia ngapi. Idai karatasi hiyo. Muuzaji akianza hadithi ndefu, mshukuru kwa chai uondoke. Baadaye zikaja gia za klachi mbili: Ferrari California ya 2008, PDK ya Porsche mwaka huo huo, na R8 ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2012. Hizo ni jambo lingine kabisa, laini na za haraka. Ushauri wangu ni manyuali au klachi mbili. Hiki cha katikati waachie wanaokipenda kwa dhati, na wapo.

Lakini jambo ninalogombana nalo na kila anayenipigia ni maili. Kila tangazo linajivunia maili chache: gari la miaka kumi na tano limetembea maili elfu tisa, mmiliki mmoja, limelala kwenye gereji yenye joto. Mnunuzi anayeyuka. Mimi nikisoma hivyo huona kazi. Gari lililosimama huzeeka kimyakimya. Mipira ya kuzuia oili hukauka na kuanza kuvuja siku ukianza kuliendesha. Diski za breki huota kutu, betri hufa na kompyuta kuanza kulalamika mambo yasiyokuwepo, petroli huharibika ndani ya tenki, matairi hushika umbo la sakafu. Niliwahi kwenda kuangalia gari moja linang'aa hadi unajiona sura. Niliinama nikasoma ubavuni mwa tairi zile namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Matairi yalikuwa yale yale yaliyotoka nalo kiwandani. Yalikuwa na kashata nene kabisa, na yalikuwa magumu kama mbao. Mtu ambaye hakununua matairi mapya kwa miaka yote hiyo, unadhani alibadilisha maji ya breki?

Ile 997 niliyoichukua ilikuwa na maili nyingi kuliko zote nilizozitazama. Ilikuja na faili nene la risiti, kila mwaka kuna kitu kimefanywa, hata balbu. Muuzaji aliona haya kuhusu maili, na haya yake ikanishushia bei.

Hapa Uingereza huna sababu ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia, maana serikali inakufungulia gunia bure. Ukiwa na namba ya gari tu, tovuti ya serikali inakuonyesha historia yake ya MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka unaoanza gari likifika miaka mitatu. Utaona maili zilizosomwa kila ukaguzi, na maonyo yaliyoandikwa. Usome kama barua. Maili zikiganda miaka minne mfululizo, gari lilikuwa limelala. Onyo la tairi kuliwa upande mmoja likijirudia kwa miaka, kuna mtu hakutaka kulipa. Kisha lipia uchunguzi wa kuona kama lina deni la benki, au kama kampuni ya bima iliwahi kulitangaza kuwa limeharibika. Tangu Oktoba 2017 alama za kuangalia ni Kundi S, yaani mifupa ya gari iliguswa, na Kundi N, yaani haikuguswa. Zamani zilikuwa C na D, nazo bado zinawafuata magari ya zamani. Kundi N lililotengenezwa vizuri si dhambi, ila bei iwe ya Kundi N, na ujue utakapouza utakutana na uso ule ule uliomwonyesha muuzaji.

Nikirudi kwenye 911, maana ndiyo ninayoijua: kizazi cha 996 na 997 za kwanza, hadi 2008, zina mambo mawili ya kuogopwa kwenye injini za kawaida. Moja ni beringi ya shafti ya kati, ambayo ikivunjika inaondoka na injini. La pili ni mikwaruzo kwenye kuta za silinda, hasa zile za lita 3.8. Dalili zake ni gari kunywa oili, mlio wa kugonga unaoendelea, na mdomo wa egzosi wa upande mmoja kuwa mweusi kuliko mwenzake. Fundi anaingiza kamera nyembamba kama waya ndani ya silinda na kukuonyesha picha; bila picha hizo usitoe hata kianzio. 911 za aina ya Turbo na GT3 za wakati huo zina injini ya asili nyingine na hazina ugonjwa wa beringi hiyo. Na marekebisho ya katikati ya 2008 yalileta injini mpya isiyo na shafti hiyo kabisa. Ndiyo maana 997 za awamu ya pili ni ghali zaidi, na ndiyo maana niliongeza pesa. Porsche pia zina kumbukumbu ndani ya kompyuta: mara ngapi injini ilizungushwa kupita kiasi, na kwa ngazi gani. Anayekosea gia kutoka ya tano akaingia ya pili anaacha ushahidi.

Fundi wa ukaguzi umtafute wewe, awe wa aina hiyo ya gari, na asijuane na muuzaji. Utalipa pauni mia kadhaa. Kwenye Aston V8 Vantage mwambie aangalie klachi, maana ili kuifikia lazima ateremshe vitu vingi vya chini na bili inakwenda kwenye maelfu. Aangalie pia rangi inayotoa malengelenge kwenye milango na pembeni, kwa kuwa alumini nayo huoza kwa namna yake. Ukipenda Vantage, tafuta ya 2008 na kuendelea yenye lita 4.7, ile ya 4.3 ni nzuri kuitazama, ila 4.7 ndiyo injini iliyoistahili sura ile. Kwenye R8 yenye shokapu za sumaku, achungulie kama zinavuja. McLaren 12C zimeshuka bei zikashawishi watu, lakini bila warantii ya kampuni mimi nisingeigusa hata kwa kidole. Breki za seramiki nazo zipimwe na wala zisitazamwe kwa macho tu. Diski zake zikiisha, seti nzima inaweza kulingana na bei ya gari dogo la mke wako.

Kodi ya barabara ina mtego wa tarehe. Gari lililosajiliwa tangu 23 Machi 2006 hadi mwisho wa Machi 2017, likitoa zaidi ya gramu 225 za hewa ya kaboni kwa kilomita, huingia ngazi za juu, na ya juu kabisa ni zaidi ya pauni 700 kwa mwaka. Lililosajiliwa siku moja kabla, hata likiwa pacha wake, hulipa kidogo zaidi ya nusu ya hizo. Bima nayo uiombe ya thamani iliyokubaliwa, mwandikiane kabisa gari ni la pauni ngapi, na useme ukweli kwamba ni la wikendi.

Kwa wanaoniuliza kutoka Kenya kama wanunue huku wasafirishe: usukani uko upande wenu, hilo ni sawa, lakini sheria yenu hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane, na karibu magari yote niliyoyataja yameshapita. Yanayobaki ndani ya umri huo bado ni ghali, na ushuru utayafanya ghali zaidi. Halafu kuna matuta.

Wakati wa kununua ni Novemba hadi Februari. Madereva wa jua wameshafunga gereji, muuzaji anaiona bili ya Krismasi, na wewe peke yako ndiye umepiga simu. Baridi pia inasema kweli. Mpigie muuzaji usiku wa kuamkia siku ya kwenda kulitazama, umwombe asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu hazijaisha, weka kiganja juu ya kifuniko cha injini. Kikiwa na joto, muulize kwa upole alikuwa anatoka wapi.