Usivishwe taji kwa namba ya siku ya kwanza

Piga simu kwa daktari wako wa meno Nakuru sasa hivi uahirishe miadi ya Ijumaa ya kuvishwa taji.

Umeandika kwamba implanti ya gego la chini, yaani ile skrubu inayopandwa kwenye mfupa wa taya badala ya mzizi wa jino, ilisoma ISQ 74 siku ya kuwekwa (ISQ ni namba ya uthabiti wa implanti, kutoka 1 hadi 100), na daktari anataka kukuvisha taji, lile jino bandia la juu yake, wiki ya tatu kwa sababu "namba ni nzuri". Halafu unauliza kama kupima ISQ kunauma, taji ni pesa ngapi huku Kisumu, na ule nini. Ndugu yangu, hayo ya kula yatangoja.

"Namba ni nzuri" ndiyo maneno niliyoambiwa mimi. ISQ yangu ilipita 70, daktari akaiandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, nikatoka kifua mbele kama mtoto aliyepita mtihani wa KCPE. Hakuna aliyeniambia kwamba namba ya siku hiyo inaonyesha tu jinsi skrubu ilivyobana ndani ya mfupa. Mfupa wenyewe bado haujaishika. Kinachofuata ni mfupa wa zamani kulika kidogo pale ulipobanwa, ndipo mpya ujengwe. Kwa hiyo uthabiti kwa kawaida hushuka kwanza, na mara nyingi huwa chini kabisa kati ya wiki ya pili na ya nne. Sasa hesabu wiki yako ni ya ngapi.

Niliporudi kuvishwa, hakupima tena. Alichukua mpini wa kile kioo chao kidogo, akagonga: ko, ko. "Unasikia? Chuma hicho!" Kugonga kunakwambia kama implanti imeshalegea kabisa. Kama iko njiani kulegea, sikio haliwezi kujua, hata liwe la fundi wa magari wa Kondele. Na mashine ya kupimia ISQ ilikuwepo pale rafuni! Nilipouliza, akasema kile kijiti kinachofungwa juu ya implanti hutumika kwa mgonjwa mmoja tu, kina gharama, hataki kuniumiza mfuko. Huruma gani hiyo! Nami nilikuwa na haraka, kulikuwa na harusi Bondo. Kwenye picha za harusi nimecheka mkono ukiwa mdomoni, watu wakadhani nimeingiwa na adabu. Taji lilikuwa linazunguka pamoja na implanti yake. Iliondolewa, mfupa ukabidi ujazwe upya, miezi ikapita nikingoja, kisha nikalipia implanti nyingine kuanzia shilingi ya kwanza.

Dai namba ya pili kabla ya taji. Implanti ileile, mashine ileile, halafu linganisha na ya kwanza. Ikiwa imebaki juu ya 70 au imepanda, endelea. Ikiwa imeporomoka, ngoja wiki kadhaa upimwe tena. Mimi ningeiamini 64 inayopanda kuliko 76 inayoshuka. Wapime pande mbili pia, kutoka upande wa shavu na kwa kufuata mstari wa meno, maana zinaweza kutofautiana. Wewe shika ile ya chini.

Najua atatokea mtu hapa aseme binamu yake alivishwa meno siku hiyohiyo. Inawezekana, hasa implanti kadhaa za taya la chini zikiunganishwa pamoja zibebane. Wewe unayo moja, peke yake, kwenye gego, pale mahindi choma yanaposagwa.

Na hapana, kupima hakuumi. Kijiti kinakazwa kwa mkono, kifaa kinasogezwa karibu bila kukigusa, sumaku inakitikisa, namba inatokea. Ni kazi ya dakika chache, ndiyo maana hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Daktari akikwambia gharama, mwambie kijiti utalipia mwenyewe. Akisema haina haja, mwombe namba yako ya kwanza kwa maandishi ukapimwe pengine. Ukishapimwa, weka hapa namba zote mbili, ya upande wa shavu na ya mstari wa meno.