Kabla Hujagusa Draiva ya Kadi ya Grafiki kwenye Linux

Kila ninapomsaidia mtu kuweka Linux Mint au Ubuntu kwenye laptopu ya mtumba, swali la kwanza huwa lile lile: "Sasa draiva nazipata wapi?" Mazoea ya Windows hayo. Ukishapiga Windows unachomeka flashi, unaanza kusaka draiva ya sauti, ya Wi-Fi, ya grafiki, mpaka jioni.

Kwa wengi jibu langu ni fupi: usiweke kitu. Kama kadi yako ni ya Intel au AMD, draiva imo tayari. Sehemu yake moja iko ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo (i915 kwa Intel nyingi, amdgpu kwa AMD, radeon kwa AMD za zamani), na nyingine ni Mesa, inayoshughulikia OpenGL na Vulkan, njia ambazo programu na gemu hutumia kuchora picha. Zote zinakuja na mfumo na zinasasishwa pamoja nao. Kwenda kwenye tovuti ya AMD kupakua kifurushi chao ili uangalie muvi na kucheza gemu ni kujitafutia kazi isiyo na malipo. Ukitaka Mesa mpya, sasisha mfumo. Hao wawili nimemalizana nao.

Shughuli iko kwa NVIDIA. Mwaka 2012, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto huko Ufini, Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliinyooshea kampuni hiyo kidole cha kati mbele ya kamera. Mambo yamekuwa nafuu tangu hapo, ila bado ndiyo kadi inayowalaza watu macho.

Anza kwa kujua una nini hasa. Stika iliyobandikwa pembeni ya kibodi usiitegemee, maana mashine ya mtumba imepita mikononi mwa wengi. Fungua teminali, andika:

lspci -k | grep -A 3 -E "VGA|3D"

Kwenye ThinkPad T480 yenye kadi ya ziada utaona vifungu viwili. Cha kwanza ni "VGA compatible controller", hiyo ni Intel, na chini yake "Kernel driver in use: i915". Cha pili ni "3D controller", na humo kuna maandishi kama GP108M [GeForce MX150]. Watu wanasoma MX150 na kuishia hapo. Wewe angalia herufi mbili za mwanzo, yaani GP, kwa sababu hizo ndizo zinazokutajia kizazi cha kadi, na kizazi ndicho kinachoamua draiva.

Ukiona GF, hiyo ni Fermi, kama NVS 5400M iliyomo kwenye baadhi ya ThinkPad T430. Draiva yake ya mwisho ni 390, na NVIDIA iliacha kuitunza mwishoni mwa 2022. GK ni Kepler, mfano Quadro K1100M ya ThinkPad W541. Ya mwisho kwake ni 470, nayo matunzo yake yalikoma 2024. GM na GP, yaani Maxwell na Pascal, mwisho wake ni mfululizo wa 580. TU na waliofuata, kina RTX na GTX 1650, hao bado wanapokea matoleo mapya.

Kwa mwenye GF ushauri wangu ni mmoja: isahau hiyo kadi. Ingia BIOS, chagua Integrated Graphics, tumia Intel. Betri itakaa zaidi, feni itatulia, na kwa kazi za kuandika, kivinjari na YouTube hutaona tofauti yoyote. Kulazimisha 390 kwenye kerneli ya leo ni ubishi, si ufundi.

Halafu kuna nouveau, draiva huria iliyojengwa kwa kuchunguza kadi inavyofanya kazi bila msaada wa maana kutoka kiwandani. Ndiyo unayoikuta mara nyingi baada ya kuweka mfumo. Inaonyesha picha, inatosha kukufikisha kwenye desktop. Lakini kwa kadi nyingi za GM na zote za GP haiwezi kupandisha kasi ya chipu, kwa kuwa jambo hilo linahitaji programu ya ndani ya kadi iliyosainiwa na NVIDIA. Kadi inabaki kwenye mwendo ule wa kuwashia tu. Ukihariri video kwa Kdenlive au kuchora kwa Blender, hapo weka draiva ya NVIDIA yenyewe.

Na uichukue kwenye ghala la programu la mfumo wako (repository). Ile faili ya .run iliyoko kwenye tovuti ya NVIDIA iache huko huko. Inakubali kuwekwa, na siku ya kwanza kila kitu kinang'aa. Kisha kerneli inasasishwa, unawasha mashine, skrini giza. Ya kwenye ghala inafuatana na kerneli yenyewe. Kwenye Mint fungua Driver Manager, kwenye Ubuntu fungua Additional Drivers, au teminali:

ubuntu-drivers devices
sudo ubuntu-drivers install

Amri ya kwanza inaorodhesha zinazofaa na kuweka neno "recommended" mbele ya moja. Chukua hiyo. Wanaopenda kuchagua kwa mkono wajihadhari na mkia wa jina: nvidia-driver-580 na nvidia-driver-580-open si kitu kimoja. Ile yenye open inatumia moduli za kerneli (vipande vya draiva vinavyoingia ndani ya kerneli) ambazo NVIDIA ilifungua msimbo wake Mei 2022, na inaendesha TU na kwenda juu tu. MX150 yako ukiipa open haitaamka kabisa. Yenye server ni ya mashine za kazi nyingine, iruke.

Mzigo wenyewe unakula mamia ya megabaiti, kwa hiyo usianze na bando la kuunga-unga. Na kama unatumia kompyuta ya mezani isiyo na UPS, tenganisha kupakua na kuweka:

sudo apt install --download-only nvidia-driver-580

Pakua leo, weka kesho umeme ukiwa umetulia. Ukikatika katikati ya kuweka, usipige mfumo upya. Washa, ingia, andika sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt -f install. Mara nyingi kazi inaendelea pale ilipoishia.

Sasa Secure Boot, ule ulinzi unaokataa moduli isiyosainiwa kwa ufunguo ambao mashine inautambua. Moduli ikijengwa kwenye mashine yako kwa DKMS (zana inayoijenga upya kila kerneli inapobadilika), wakati wa kuweka utaombwa kutunga neno la siri la kusajili ufunguo huo, unaoitwa MOK. Liandike kwenye karatasi. Ukiwasha upya inatokea skrini ya bluu, "Perform MOK management", na inakupa sekunde kumi tu ubonyeze kitufe. Rangi hiyo imewatisha wengi, wanadhani mashine imekufa, wanaiacha ipite. Ikipita, mfumo unawaka bila draiva na mtu anaanza kulaumu Linux. Fanya hivi: bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, andika lile neno la siri (herufi hazionekani, andika tu), kisha Reboot. Kama ilishakupita, amri ya sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der itakurudishia nafasi ukiwasha tena.

Skrini ikibaki giza, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina lako, andika sudo apt purge '*nvidia*', washa upya. Utarudi kwa nouveau. Isipokubali hata hiyo, kwenye menyu ya GRUB (ile ya kabla Linux haijawaka) bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, ongeza nomodeset mwishoni, kisha F10. Hiyo ni ya kuokolea tu. Usiishi nayo, maana picha zote zitabebwa na prosesa.

Kuhakiki, weka mesa-utils na uandike glxinfo -B. Ukisoma llvmpipe kwenye mstari wa renderer, hakuna draiva inayofanya kazi. Jina la Intel kwenye laptopu ya kadi mbili lisikushtue: ndivyo inavyotakiwa kwenye hali ya on-demand, NVIDIA inasubiri kuitwa. Kwenye Cinnamon ya Mint, bofya kulia ikoni ya Blender uchague kuiendesha kwa kadi ya ziada.

Ukiwa safarini, sudo prime-select intel inazima NVIDIA kabisa na betri inapumua. Ila kwenye mashine kadhaa, hasa zile nzito za kina ZBook na Precision, tundu la HDMI limeungwa kwenye NVIDIA, hivyo ukiizima projekta haioni kitu. Kama una wasilisho asubuhi, rudisha on-demand usiku na uwashe upya, maana badiliko hilo halifanyiki mbele ya watu waliokaa wanakusubiri.